Mpiganaji mwenye kiti cha magurudumu: nimpunguzie alama ngapi?

BARUA

Yaya zetu, jambo sana.

Mimi ni kijana wa Majengo, hapa Goma. Kila Jumamosi mchana ninasimulia mchezo wa kuigiza mezani, ule tunaouita kwa Kifaransa jeu de rôle: mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu inaamua penye shaka. Kanuni zetu ni za Dungeons & Dragons, toleo la tano, ila nchi ya hadithi tumeitunga wenyewe: ziwa, volkano, barabara za mawe meusi, na mji uliojengwa ndani ya mapango ya lava. Tuko sita.

Dada mmoja wa kundi anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, tangu utotoni kwa sababu ya polio. Sasa ametunga mpiganaji ambaye naye yuko kwenye kiti cha magurudumu. Wenzetu wawili wamekataa. Wanasema kiti hakiwezi kushuka pangoni, tena kama uchawi wa kuponya upo, kwa nini mganga asimponye akasimama? Mimi nilitafuta katikati: nilimwambia apunguziwe 4 kwenye kila kitendo cha mwili, halafu nimfidie kwa alama za akili. Alinyamaza. Hadi leo hajasema ndiyo wala hapana.

Kuna pia mdogo wetu mwenye usonji. Anazijua kanuni kuliko sisi wote, lakini kelele zikipanda anaziba masikio na kutoka, na mara mbili hakurudi. Anataka mhusika anayefanana naye. Mmoja wetu akapendekeza tutumie jedwali la wazimu la mchezo mwingine: unarusha dadu, inakuambia mhusika amepatwa na nini. Watu walicheka. Na mimi nilicheka.

Alama ngapi ndiyo haki? Na fishi ya huyu mdogo, yaani karatasi ya mhusika wake, niiandike vipi nisimuumize?

Msimulizi wa Majengo

JIBU

Mdogo wetu,

Haki ni sifuri. Ile 4 uifute Jumamosi hii kabla mchezo haujaanza, na uifute mbele ya wote, kwa sababu uliitaja mbele ya wote.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wale wawili watakusikiliza. Kwa dadu ya pande 20, kitendo kinachohitaji 11 kwenda juu kinafaulu mara 10 katika 20, yaani asilimia 50. Ukipunguza 4, atahitaji 15 kwenda juu: mara 6 katika 20, asilimia 30. Sasa angalia kanuni zenyewe zinamfanyia nini mtu aliyenaswa kwenye wavu au kamba. Anaposhambulia anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo, na kwa lengo lile lile la 11 anabaki na asilimia 25. Kwa hiyo mpiganaji wako angeishi hadithi nzima karibu sawa na mtu aliyefungwa kamba, hata pale ambapo kiti hakimzuii kitu. Kupiga mshale ukiwa umekaa hakuhitaji miguu. Na mikono inayozungusha baiskeli siku nzima ndiyo ile ile inayopitisha mizigo kwenye Petite Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Goma na Gisenyi. Kuipunguzia nguvu ni kosa la kanuni kabla hata halijawa kosa la adabu. Mahali penye kizuizi cha kweli, kama ngazi, hiyo 4 haisemi lolote. Inamwadhibu pasipo na tatizo, na penye tatizo inanyamaza.

Na fidia? Wazo hilo ni la zamani. Mchezo wa GURPS, uliotoka mwaka 1986, unauza na kununua hivyo: upofu unamrudishia mchezaji alama 50 za kutumia kwingine, uziwi 20. Kinachoharibika kinajulikana na kila aliyeusimulia. Wanaotaka alama wanachukua ulemavu kama mkopo, na kufika kikao cha tatu mhusika kipofu anasoma barua bila mtu yeyote kushtuka. Zaidi ya hayo, fidia inamwambia dada yetu kwamba mwili wake una bei, na kwamba bei hiyo hulipwa kwa akili. Pengine ndiyo maana alinyamaza.

Badala ya namba juu ya mtu, andika vizuizi juu ya mahali. Kanuni zenu zinampa binadamu mwendo wa mita 9 kwa zamu, miraba 6 ya mita 1.5. Mpe kiti mita 9 hizo hizo kwenye sakafu. Penye mawe yaliyovunjika, kanuni ya ardhi ngumu ipo tayari: kila mita 1.5 inagharimu mita 3, na inamgharimu hata mwenye miguu, kwa hiyo usiongeze kitu. Vinavyohusu kiti peke yake ni vichache: ngazi, kamba ya kupanda, kizingiti kirefu, matope mazito. Kwa kila kimoja andika njia tatu za kupita, yaani muda zaidi, mkono wa mwenzake, au kifaa (kapi, ubao, mnyama wa kuvuta). Yeye ndiye achague njia. Kusiwe na mlango ambao jibu lake ni “wewe utusubiri hapa nje.”

Mambo mengine matatu yatawafikisha vitani, yaamueni mapema. Kwenye mteremko, mpe mita 3 za ziada, lakini akitaka kusimama ghafla arushe dadu ya wepesi, lengo 10. Akipinduka, mtendee kama yeyote aliyeanguka: kujiinua kunakula nusu ya mwendo, mita 4.5. Na kiti chenyewe ni sehemu ya mwili wake. Adui asikivunje wala kukiiba bila mchezaji kukubali kabla, kama ambavyo hukati mkono wa mhusika mwingine ili kuongeza msisimko tu. Hili la mwisho ndilo wasimulizi wengi hukosea. Wanaona kiti kama mali, wanakitupa mtoni kwa ajili ya tamthilia, na mchezaji anayejua maana ya kuachwa bila baiskeli barabarani hapati tamthilia yoyote hapo. Mkitaka kipimo cha kulinganisha, mwaka 2020 Sara Thompson alitoa bure kanuni za kiti cha magurudumu cha vitani kwa toleo hili hili mnalocheza.

Wale wanaosema magurudumu hayaingii kwenye lava, waulize tshukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, inapita wapi. Mbao mbili, magurudumu mawili, magunia ya makala (makaa) yamepangwa hadi kifuani, na inashuka kwenye mawe ya volkano ya Nyiragongo kila asubuhi. Mji wenu wa mapangoni lazima umejengwa na watu waliotoa mawe na kuingiza chakula, na hao hawakubeba kila kitu kichwani kwa ngazi. Walichonga njia ya mteremko. Wajenzi hutumia kipimo cha 1 kwa 12: kupanda sentimita 15 kunahitaji ubao wa sentimita 180. Shimo la mita 3 linahitaji njia ya mita 36, na kwa kuwa mapango ni membamba, wangeikunja mara nne, mita 9 kila mkunjo. Hesabu sasa: zamu nne za mwendo, pembe tatu za kujifichia, na mpiganaji anayeteremka kasi kuliko wote. Hapo umepata uwanja wa vita mzuri kuliko chumba cha mraba chenye ngazi mlangoni.

Swali la mganga lina haki ya kujibiwa, kwa sababu kanuni zenyewe ndizo zinazoliibua. Katika toleo la tano kuna uchawi wa ngazi ya pili unaoondoa upofu na uziwi, na wa ngazi ya saba unaootesha kiungo kilichokatika. Msipoamua lolote, kila mtu mezani atadhani mwenye ulemavu amekosa pesa tu ya kwenda kwa mganga. Uamuzi unaofanya kazi ni huu: uchawi wa kuponya unarudisha mwili ulivyokuwa kabla ya jeraha. Mkuki ukiingia begani, unatoka. Mwili ambao mtu amekua nao si jeraha, kwa hiyo uchawi hauna cha kurudisha. Andikeni sentensi hiyo kwenye kaye (daftari) ya kundi na msiifungue tena. Na safari ya kutafuta dawa ya miguu yake usiitunge kamwe, isipokuwa mchezaji mwenyewe akuombe.

Hapa kwetu kuna jambo lingine la kuliangalia kwa makini kuliko kanuni zote. Huku Kivu mtoto akizaliwa na ulemavu, au akichelewa kusema, wapo majirani wanaotafuta nani amemroga, au wanaomnyooshea kidole mtoto mwenyewe kwamba ni mchawi. Watoto wameumizwa kwa maneno hayo. Kwa hiyo kwenye hadithi yenu ulemavu usiwe laana, usiwe malipo ya dhambi ya mzazi, wala alama ya kumtambulisha adui. Mchawi mwenye nundu na jicho moja tumemsikia mno. Hata methali yetu ya “hujafa hujaumbika”, ambayo watu huisema kwa nia njema, inamgeuza aliye mbele yako kuwa onyo kwa wengine. Mhusika ambaye kazi yake ni kuwaonya au kuwatia huruma wenzake hana hadithi yake mwenyewe.

Angalia na lugha. Kiswahili kimewapa watu hawa kiambishi cha vitu, ki-: kipofu, kiziwi, kilema, kiguru. Hatuwezi kubadilisha sarufi mezani, lakini tunaweza kuchagua maneno. Wengi katika nchi yetu husema “mtu mwenye ulemavu”, au huchukua PVH ya Kifaransa (personne vivant avec handicap). Viziwi wengi, kwa upande wao, hujiita viziwi bila shida. Muulize mchezaji mhusika wake aitwe nani, andika neno hilo kwenye fishi, na wote walitumie.

Sasa mdogo wenu mwenye usonji, na hapa tutakaa kidogo.

Jedwali la wazimu linatoka kwenye michezo ya hofu. Call of Cthulhu, wa mwaka 1981, ndio uliofanya akili timamu iwe namba inayoshuka mhusika anapoona mambo ya kutisha. Ni chombo cha kusimulia hofu. Usonji haumpati mtu kwa kuona jini. Mtu huzaliwa nao, na ni namna ubongo wake unavyopokea sauti, mwanga, maneno na mabadiliko. Ukirusha dadu ili kujua akili ya mhusika “ina nini”, umemwambia kijana kwamba yeye ni matokeo mabaya ya dadu, tena mbele ya kicheko. Kabla ya Jumamosi mtafute peke yake. Mwambie: nilicheka, nilikosea, jedwali hilo halitatumika. Usimwombe akufariji, wala usimlazimishe akuangalie machoni wakati unasema.

Fishi yake usiipunguzie Akili wala Haiba. Namba ya Haiba inapima kama mhusika anaweza kuwashawishi watu, na mtu anayesema ukweli ulionyooka bila kuzungusha anaweza kushawishi vizuri sana. Usimfanye pia mashine ya kukumbuka kila kitu. Hiyo ni picha ya filamu, na inamfunga vile vile. Mwombe aandike mwenyewe mistari mitatu: mhusika wangu hutambua nini kabla ya wengine, nini kinamchosha, na anafanya nini ili arudi sawa. Kwa mfano: “Hutambua mpangilio uliovunjika, kama jiwe lililohamishwa au hesabu isiyolingana. Anachoshwa na kengele na watu wanaoongea pamoja. Anatulia akisugua kamba yenye mafundo.” Mistari hiyo mitatu inakupa matukio kuliko jedwali lolote.

Akitaka iwe na kanuni, tumieni vifuniko vya soda. Vitano mbele yake mwanzoni mwa kikao. Tukio linalogusa mstari wa pili linachukua kimoja. Yeye ndiye anayesema limegusa, si wewe. Vikiisha, mhusika hapotezi zamu. Anachagua: ajiondoe hatua kadhaa, au abaki lakini asiongee, au mwenzake asimame kati yake na kelele. Akipata utulivu wa dakika kumi za hadithi, vifuniko viwili vinarudi. Kinachoharibu kanuni hii ni msimulizi anayevihesabu kama damu ya adui na kuanza kupanga kengele kila kona ili viishe. Ukijikuta unafanya hivyo, iondoe.

Lakini fishi nzuri haitamsaidia kama meza yenyewe inamfukuza. Alitoka mara mbili kwa sababu ya kelele za kweli, siyo za hadithi. Jenereta iwe upande wa pili wa ukuta. Andikeni mpangilio wa zamu kwenye kipande cha kartoni, kisimame katikati, na anayeongea ni yule ambaye jina lake limefikiwa. Kugonga meza na kuigiza mlio wa risasi kuishe. Katika mji huu wapo wengine mezani wanaoshtuka bila kusema. Mapumziko ya dakika 10 kila baada ya dakika 45, kwa saa, si kwa kukisia. Siku moja kabla, mtumie ujumbe wa mistari miwili: tutaanzia wapi, tutamaliza saa ngapi, kama kuna vita. Mabadiliko ya ghafla mara nyingi humchosha mtu mwenye usonji kuliko ugumu wenyewe. Mwekee kiti karibu na mlango, na mkubaliane kwamba kutoka si kukasirika, na kurudi hakuhitaji maelezo. Akiwa nje, mhusika wake anabaki salama, hakuna anayemchezea.

Kwa wote, wekeni kifuniko chekundu katikati ya meza. Yeyote akikigusa, tukio linaachwa au linarukwa, na haulizwi sababu. Ni wazo la John Stavropoulos la mwaka 2013; yeye alitumia karata yenye X. Linaharibika pale msimulizi anapouliza “kwa nini?” hata kwa upole. Mkiuliza mara moja tu, hakuna atakayekigusa tena.

Mkimaliza na wahusika wa wachezaji, geukia wapita njia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 16 ya watu duniani wana ulemavu mkubwa. Mji wenu ukiwa na watu 50 walioandikwa kwenye kaye, hao ni 8. Wape kazi: mama anayeuza sambaza (samaki wadogo wa ziwani), mpiga makasia, mlinzi wa lango. Fundi chuma kiziwi ataonyesha ishara za mikono kutoka ng'ambo ya maporomoko ambako hakuna sauti inayosikika, lakini gizani au akishika nyundo mikono yote miwili mazungumzo yanasimama. Usimpe uwezo wa kusoma midomo ya kila mtu. Midomo haionyeshi maneno yote. Ishara kumi mnaweza kujifunza kutoka kwa kiziwi yeyote aliyesoma hapa. Zinazofundishwa katika shule nyingi za viziwi za Afrika ya Kifaransa zina asili ya Marekani, na aliyezileta barani kuanzia mwaka 1957 ni Andrew Foster, kiziwi mwenyewe, aliyefariki kwa ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Mhusika asiyeona, kwa upande wake, mpe sauti, upepo na sakafu kabla hujawapa wengine picha. Usimpe “macho ya rohoni” yanayofuta upofu wake. Mienge ikizimika, wengine wote wanapapasa na yeye haongezewi hasara yoyote. Mtu wa Goma anajua vizuri nyumba inavyokuwa umeme ukikatika.

Limebaki jambo ambalo hukuandika: dada yetu anafikaje mezani? Baiskeli ya mikono ina gurudumu na mnyororo mbele, kwa hiyo haiingii chini ya meza hata meza ikiwa na nafasi ya sentimita 70. Muulize kama anapenda kuhamia kwenye kiti cha kawaida au kubaki alipo. Akihamia, baiskeli ibaki ndani, karibu na mkono wake, isiende uani kuchezewa na watoto. Akibaki, akae ubavuni mwa meza na umtengenezee ubao wa kuweka mapajani, wenye ukingo mdogo ili dadu zisianguke. Mtu asimwinue wala kumsukuma bila yeye kuomba. Pima mlango: upana wa sentimita 80 unatosha kiti cha kawaida, lakini baiskeli nyingi za mafundi wetu ni pana zaidi, basi pima yake, kwenye ekseli ya nyuma, kabla ya kumlipa seremala ubao wa kizingiti.